Mashine ya Mtoto wa Jirani

Tulipohamia Dodoma kufuata ofisi, mtu wa kwanza kutukaribisha alikuwa mama wa nyumba ya pili. Mizigo yetu ilikuwa bado juu ya lori, upepo unatupulizia vumbi usoni, na maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Akatoka na ndoo ya maji aliyochota kwenye simtanki lake, akampa mke wangu, akamwambia asione haya kurudi kuomba nyingine. Ni Mgogo, mzaliwa wa kijiji kimoja cha ndani ukishapita Kibaigwa, mjane, mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga chapa wa serikali, na hata leo akikaa bila shughuli vidole vyake hugonga magotini kama anaandika barua ya mtu.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa hapa mjini. Siku za wiki kijana alilala hosteli, Ijumaa anarudi kwa mama yake na begi mgongoni, na ndani ya begi mashine yake ya gemu imeviringishwa kwenye kitenge. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba wa matofali. Jumamosi mchana tulikuwa tunamsikia anafunga magoli, anajishangilia mwenyewe, kisha anacheka peke yake. Mke wangu alikuwa akisema mtoto yule ana kicheko cha mtu ambaye hajawahi kudhulumiwa.

Akafa kwa ajali ya pikipiki, akiwa abiria, barabara ya kwenda chuoni. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Mwili ulipelekwa kijijini kuzikwa. Wanaume wa mtaa tulikwenda, mimi na mdogo wangu tukiwemo. Mdogo wangu alikuwa anaishi kwetu wakati ule, amemaliza kujifunza uchomeleaji na anatafuta pa kujishikiza. Alilibeba jeneza la yule kijana kutoka kwenye gari hadi kaburini, akakataa kupokelewa zamu. Nilimwona analia. Baada ya mazishi sisi tukarudi mjini, mama akabaki kijijini na ndugu zake kumaliza matanga, na ufunguo wa nyumba yake akamkabidhi mke wangu. Aliomba tu mtu awe analala pale, taa iwe inawaka. Mdogo wangu akajitolea.

Asubuhi moja akaja anahema, akasema nyumba ya mama imevunjwa. Alikuwa ametoka kidogo, aliporudi akakuta dirisha la chumba cha kijana liko chini, kompyuta mpakato haipo na mashine ya gemu haipo. Mtaa ulichemka. Kila aliyekuja kutazama alisema maneno yale yale, kwamba siku hizi watu hawana utu tena, wanaiba hadi matangani. Balozi wa nyumba kumi akaja, askari wakaja, wakaandika, wakaondoka. Mimi ndiye niliyempigia mama simu kijijini kumpa taarifa. Nilitafuta maneno ya upole, lakini yeye akanikatisha.

"Waache tu, baba," alisema. "Mtoto mwenyewe hayupo."

Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama kwamba vioo vya lile dirisha vilikuwa vimeangukia nje, kwenye mchanga, na si ndani.

Muda ukapita. Mdogo wangu akapata kazi kwenye karakana moja ya mageti kule Kizota, akapanga chumba huko huko. Mama akarudi, akavaa nguo zake za msiba, akaendelea kutusalimia kila asubuhi juu ya ukuta. Nyumba yake ikawa kimya kabisa. Jumamosi zilikuwa mbaya kuliko siku nyingine, kwa sababu masikio yetu yalikuwa yamezoea.

Kisha binti yangu akapata kipaimara. Tulifanya sherehe ndogo nyumbani baada ya misa, ya majirani, watu wa jumuiya na wenzangu wachache wa ofisini. Tulifunga turubai uani, mke wangu akapika pilau. Mama wa jirani alikuwa amesema hatakuja kwa sababu ya msiba, lakini binti yangu mwenyewe alikwenda kumwita, na akaja, akakaa kwenye kiti cha pembeni sebuleni, karibu na mlango wa jikoni, akiwa na khanga nyeusi begani.

Mdogo wangu alifika wakati watu wamekwisha kula. Alikuja na mfuko wa salfeti umefungwa kamba. Akamwita binti yangu, akampa mbele ya wote. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu, nyeusi, na pedi yake ya kuchezea na waya zake. Binti yangu alikuwa akiniomba kitu kile tangu darasa la sita na siku zote nilimwambia tutaona. Alimrukia baba yake mdogo shingoni. Nilimuuliza ndugu yangu kaipata wapi. Akasema kuna rafiki yake amehamishwa kutoka Dar, amepunguza vitu. Mashine zile zinafanana zote, kama pasi zinavyofanana. Sikuwa na sababu ya kuuliza tena.

Jambo ninalolionea haya hadi leo ni nililofanya baada ya hapo. Nilisimama. Nilisimama mbele ya wageni nikamsifu mdogo wangu. Nilisema kwamba wengi walidhani hatafika popote, lakini mnamwona, anafanya kazi kwa mikono yake na anakumbuka watoto wa ndugu yake. Watu wakapiga makofi. Mama wa jirani naye alipiga makofi, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Mdogo wangu alikuwa anatazama viatu vyake, na mimi nikadhani ni unyenyekevu.

Wageni wakataka kuiona ikiwaka. Runinga yetu ilikuwa mpya, kubwa, niliyokopa kazini, na ukweli ni kwamba nami nilitaka ionekane. Nikachomeka waya nyuma, upande wa pili nikauchomeka kwenye mashine, nikachagua tundu kwa rimoti, nikabonyeza. Haikusumbua hata kidogo. Ikalia mara moja, ikatoa rangi ya buluu, alama ya kampuni ikapita, ukaja ukurasa unaouliza nani anacheza. Chini ya swali palikuwa na duara moja, na ndani ya duara palikuwa na picha ya kijana wa jirani. Amevaa miwani yake, ameinamisha kichwa upande kama alivyopenda kupigwa picha, anacheka. Chini ya picha liliandikwa jina lake la utani, lile ambalo mtaa mzima tulimwitia.

Runinga ile, nimesema, ilikuwa kubwa. Uso wake ulienea ukutani kwangu mkubwa kuliko ulivyokuwa alipokuwa hai.

Kuna mtu alikuwa anacheka uani, hajui kinachoendelea, na kicheko chake kiliingia ndani hadi kikaisha chenyewe. Binti yangu alikuwa ameshika pedi, ananitazama mimi. Nilinyoosha mkono kuizima, bila kufikiri, kama mtu anavyomfunika aliye uchi.

"Usizime," mama akasema.

Alikuwa amekwisha inuka. Akapita katikati ya miguu ya wageni, akaenda hadi mbele ya runinga, akasimama karibu sana, hata mwanga ukampiga usoni. Hakugusa kitu. Nilitegemea alie. Angelia ningejua la kufanya. Mke wangu angemshika, tungempeleka chumbani. Hakulia. Alitazama tu, kisha akageuka, akamwambia mke wangu ahsante kwa chakula, akampa binti yangu mkono wa pongezi, akatoka. Nilipomtafuta mdogo wangu, kiti chake kilikuwa kitupu.

Wageni waliaga mmoja mmoja, haraka, kila mmoja akikumbuka shughuli. Wenzangu wa ofisini walinishika bega, wakatoka. Mwenyekiti wa jumuiya alisema tutaliombea. Nilijua kwamba kabla ya jua kuzama hakuna nyumba ya mtaa huo ambayo ingekuwa haijasimuliwa, na nilijua wanasema nini. Wanasema ufunguo ulikuwa kwetu.

Niliondoka jioni ile ile kwenda Kizota. Karakana yao ilikuwa wazi ingawa ni Jumapili, wanamalizia geti la mtu. Mdogo wangu alikuwa amevaa miwani myeusi ya kuchomelea, cheche zinaruka, na aliponiona hakuacha. Akaendelea kuchoma sehemu ile ile hadi mwenzake akamgusa. Tukaenda nyuma, kwenye rundo la vyuma chakavu. Nilikuwa nimepanga kumpiga. Njia nzima nilikuwa nimekunja ngumi.

"Sikujua kwamba inakumbuka," alisema.

Nikamuuliza inakumbuka nini.

"Watu. Nilidhani ni kama redio, kaka. Ukimpa mtu redio, haimtaji mwenyewe."

Hakuwahi kuiwasha, kwa sababu hakuwa na runinga. Alinieleza bila kulazimishwa. Ile wiki ya matanga alilala kwenye kitanda cha marehemu, na mashine na kompyuta, vilivyorudishwa kutoka hosteli, vilikuwa mezani mbele ya macho yake kila akiamka. Akawa anajiambia kwamba mwenyewe hayupo tena, mama hajui hata kuviwasha, vitakaa pale hadi vijae vumbi. Akasema vile vitu aliviona kama havina mwenyewe. Kompyuta alimuuzia mtu wa kupita sokoni. Mashine kila aliyemwonyesha alitaka risiti, basi ikabaki chini ya kitanda chake, ikawa inamnyima usingizi, ndipo akafikiri kuitoa zawadi, ili angalau imfurahishe mtu.

Nikamkumbusha kwamba alimbeba yule kijana. Nikamuuliza machozi yale yalikuwa ya nini.

Alisema yalikuwa ya kweli. Ngumi yangu ikafunguka yenyewe, kwa sababu nilimwamini, na kumwamini kulinikosesha nguvu kuliko kama angedanganya.

Tulikwenda kwa mama mimi na mke wangu kesho yake. Nilikuwa nimeiviringisha mashine kwenye taulo safi. Nilimwamkia, nikapiga magoti mlangoni, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kwa mtu yeyote tangu nilipokuwa mdogo. Nilianza kusema kuhusu polisi, kuhusu kulipa, kuhusu kuhama. Alisikiliza hadi nikamaliza. Polisi hakutaka. Malipo hakutaka kuyasikia. Kuhusu kuhama akaniuliza tukihama atamsalimia nani asubuhi. Kisha akasema mambo mawili. La kwanza, mdogo wangu aje mwenyewe, siku atakayoweza, na asije na mimi. La pili, mashine nisimwachie mlangoni kama furushi. Nirudi nayo Jumamosi, nimfungie kwenye runinga yake, aione picha ya mtoto.

Nilijibu ndiyo. Lilikuwa jambo dogo. Kwangu ilikuwa kazi ya dakika.

Jumamosi nilikwenda baada ya chakula cha mchana. Runinga yake ilikuwa zawadi ya wenzake siku alipostaafu, miongoni mwa zile bapa za mwanzo mwanzo, bapa kwa mbele lakini nyuma nene kama godoro la mtoto. Ilikaa juu ya kabati zito, juu ya kitambaa cha kufuma, na kila upande picha za familia. King'amuzi chake kilikuwa kimefungwa kwa zile waya za rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Tundu la waya wangu lilikuwepo, moja tu, limetazama ukutani na limejaa vumbi la miaka. Nililazimika kulivuta kabati, nikaingia nyuma yake nikiwa nimepiga magoti, kichwa kati ya mapazia na mgongo wa runinga. Nikalipuliza tundu, nikachomeka, nikatoka, nikawasha.

Mashine ililia. Taa yake ndogo ikawaka. Runinga ikabaki nyeusi, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuonyesha kinachotumwa.

Nikarudi nyuma ya kabati, nikachomoa, nikachomeka tena. Nikageuza waya, upande wa huku ukaenda kule. Nikapitia kila chaguo kwenye rimoti, nikakutana na chenga na mlio, na mhubiri wa chaneli fulani, na weusi. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, amevaa gauni la kanisani. Hilo nililiona baadaye kidogo, na nilipoliona jasho likanitoka. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amevaa kwa ajili ya kumwona mtoto wake, na mimi nilikuwa nyuma ya kabati lake napapasa.

"Labda kuna kitu kimelegea," nilisema.

Akasema nisiwe na haraka. Akaenda kunichemshia chai.

Nilikaa kule nyuma, kwenye vumbi, na nikaanza kuona jinsi inavyoonekana. Mtu wa nyumba iliyomwibia amemrudishia kitu kibovu. Atafikiri tumeifungua, tumeifuta, tumeiharibu makusudi ili ushahidi upotee. Nilitaka kujitetea, na utetezi pekee niliokuwa nao ulikuwa kwamba kwetu ilionyesha vizuri kabisa. Maneno yalifika hadi mdomoni. Kwetu iliwaka mara moja, mama. Nikayameza. Nikaona aibu hata ya kuyafikiria, kwamba kwenye runinga ya mwizi mtoto alikuja bila shida, na kwenye runinga ya mama yake amegoma.

Aliporudi na chai nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeishika ile mashine mapajani. Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Nikamwambia nitatafuta fundi.

Aliweka kikombe mezani. Akasema hataki mtu mwingine aingie humu. Kisha akanitazama, akaniuliza kama nimeibonyeza mpaka ikalia mara ya pili.

Sikumwelewa.

"Yeye Ijumaa akitoka chuoni ilikuwa inakataa hivyo hivyo," alisema. "Kule hosteli walikuwa na runinga kubwa. Akifika hapa anaibonyeza, inalia, hatoi kidole. Mimi niko jikoni nasikia. Inakaa, inakaa, inalia tena. Ndiyo anaachia, ananiambia mama, runinga yako ni mzee, lazima nimwombe mashine apunguze sauti."

Nikaelewa hapo hapo. Mashine ilikuwa bado inatuma picha ya ukubwa wa zile runinga kubwa, na hii ya mama haikuweza kuibeba. Nikaizima kabisa. Nikaweka kidole, nikabonyeza, ikalia, na kwa mazoea nikaachia. Mama akatikisa kichwa. Nikaizima tena, nikabonyeza tena, nikashikilia. Ililia. Wote wawili tulikuwa tunasikiliza. Mama alikuwa amefumba macho. Ikalia mara ya pili, nikaachia.

Runinga ikapepesa, ikatoa ukurasa mtupu wenye maandishi meupe. Uliniambia niunganishe pedi kwa waya, na mdogo wangu hakuwa ameuleta huo waya. Mama akainuka, akachomoa waya wa chaja ya simu yake ndogo, akanipa, ukaingia. Kwenye orodha palikuwa na mstari wa kubadilisha ukubwa wa picha. Nikauchagua, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, nikachagua ukubwa mdogo. Rangi ya buluu ikaja, alama ikapita, akatokea.

Lakini runinga zile za zamani hula pembeni mwa picha. Jina lake chini ya duara lilikuwa limekatwa, na kidevu chake nacho kilikuwa kimepotea. Nilikuwa tayari kuridhika.

"Imemkata," mama alisema.

Nikachukua rimoti ya runinga, nikatafuta kwenye upande wa picha hadi nikapata pa kuizuia isikuze. Picha ikajivuta ndani. Kidevu kikarudi, jina likatimia. Mama akasogea akakaa ukingoni mwa kochi, mikono magotini, na vidole vyake vikaanza kugonga.

Nilisimama niondoke. Niliona hapana nafasi yangu pale. Akaniambia nikae, kwa sababu yeye hajui kuizima, na pia anataka kujua ndani mna nini. Kwa hiyo nikakaa kwenye kiti cha pembeni, mimi mzee mzima wa ofisi, nikaanza kufungua vitu vya marehemu kwa kidole gumba. Palikuwa na gemu ya mpira, na timu aliyoiunda mwenyewe, akaipa jina la kijiji cha mama yake. Mama alilisoma kwa sauti, akacheka kidogo puani. Wachezaji aliwapa majina ya wajomba zake. Golikipa alikuwa babu yake.

Halafu nikafungua sehemu ya vipande vya video ambavyo mashine huhifadhi. Nilifungua cha juu bila kufikiri. Goli, marudio ya goli, kelele za uwanja. Na katikati ya kelele, sauti yake, kwa sababu alikuwa amevaa zile spika za masikioni zenye kinasa sauti. Anacheka, anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba hajui kukaba. Na kwa mbali, nyuma yake, sauti ya mama huyu niliyekaa naye, anamwita, ugali unapoa. Na yeye anajibu, bila kuondoa macho kwenye mchezo, kama watoto wote wanavyojibu.

"Nakuja, mama."

Kipande kikaisha. Mashine ikarudi kwenye orodha. Nje kulikuwa na upepo, bati la banda la kuku linagonga. Kisha mama akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena, na kila mara sauti yake mwenyewe ilipomwita mtoto niliona midomo yake ikitembea. Mimi nilikuwa natazama zulia. Nilikuwa nafikiria mfuko wa salfeti. Nilikuwa nafikiria wale watu kule sokoni waliodai risiti. Kama mmoja wao asingedai, sauti ile ingekuwa imefutwa, na pasingekuwa na mtu duniani wa kujua kwamba imefutwa.

Nilimfundisha kuiwasha na kuizima. Nikamwandikia hatua kwenye karatasi, akaikataa, akasema atakumbuka. Nilipokuwa mlangoni nikamwambia nisamehe, mama. Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi wiki ile, kwa namna zote, na yeye alikuwa akilipokea kama anavyopokea salamu. Safari hii akanishika mkono.

"Wewe hukuiba," alisema. "Lakini najua hutaniamini nikikwambia."

Ni kweli. Sikumwamini, na bado siamini.

Mdogo wangu alichelewa kwenda. Ilipita miezi. Kila nilipompigia alisema wiki ijayo. Kisha siku moja narudi kutoka kazini nikamkuta juu ya ngazi kwenye nyumba ya jirani, anafunga nondo mpya kwenye lile dirisha, na mama yuko chini amemshikia ngazi. Sikusimama. Sijui walizungumza nini, hakuna aliyeniambia, na sijauliza. Kompyuta haikupatikana, na kazi ya mwisho ya kijana ya chuoni ilikuwa humo. Mama alilitaja hilo mara moja tu, kwa mke wangu, wakati wanachambua mchicha.

Mtaani watu wamelegea. Wengine wamesahau kweli, wengine wanajifanya. Kwenye jumuiya wakitafuta mtu wa kutunza ufunguo wa stoo ya viti, macho hupita juu yangu na kwenda kwa mwingine, na mimi hugeukia dirishani ili yasipate shida kunikwepa.

Binti yangu sasa huenda kwa mama Jumamosi mchana. Mama ndiye aliyemwita. Alisema mashine ikikaa bila kuchezwa inampa huzuni, na mikono yake yeye ni ya taipureta, haiwezi vile vifungo. Mtoto alinitazama kwanza, nikashindwa kusema nenda na nikashindwa kusema usiende, basi akaenda. Anaichezea timu ile ile, na mama humwambia mjomba yupi alikuwa mvivu na asipangwe. Kupitia ukutani tunasikia magoli tena. Mke wangu huacha alichokuwa anafanya, akasikiliza. Mimi hutoka uani nikatafuta kitu cha kufanya, nikamwagilia mizabibu hata kama nilimwagilia asubuhi, hadi mchezo uishe.